Joto la Bi Cherehani

Siku hiyo sista, muuguzi wetu, alikuwa peke yake, na alituonya mapema, hata kabla hatujakaa vizuri.

"Mwenzangu anaumwa, hakuja. Maji nayo yanasumbua tangu alfajiri. Kwa hiyo leo humu ndani nataka watu wazima." Aliposema "watu wazima" akaniangalia mimi.

"Sista, mbona mimi nimeshaota ndevu?"

"Redio, zima." Redio ndiye mimi.

Chumba kizima kikacheka, yaani Bi Cherehani na mzee tunayemwita Dereva, maana tulikuwa watatu tu. Mashine nyingine zilikuwa zimefunikwa mashuka kwa sababu maji hayakutosha kuziendesha. Zilisimama ukutani kimya, kama maharusi walioachwa.

Niwaeleze kidogo. Figo zangu ziliamua kustaafu kabla mimi mwenyewe sijaanza kazi vizuri. Ndiyo sababu nakuja kwenye chumba hiki kila baada ya siku chache, nachomwa sindano mbili mkononi, moja ya kutoa damu kwenda kwenye mashine, nyingine ya kuirudisha ikiwa imeshachujwa. Kazi yangu ni kuosha magari. Naosha magari, halafu nami nakuja kuoshwa. Tofauti ni kwamba gari halijakatazwa maji. Mimi nashinda nimeshika mpira wa maji, maji yananirukia mpaka kwenye kope, na ninayoruhusiwa kunywa kutwa nzima yanaenea kwenye kikombe cha chai. Chumvi pia nimekatazwa, ndiyo maana yote naitia kwenye hadithi.

Halafu mtu anakuja anakwambia anashukuru.

Mtu mwenyewe ni Bi Cherehani. Maisha yake yote alishona sare za shule, mpaka vidole vikachoka kabla yake. Ni mama mwembamba, msafi, kilemba hakijawahi kukaa upande. Popote aendapo anabeba blanketi lake aliloliunga mwenyewe kwa masalio ya vitambaa vya sketi, vyote rangi ile ya damu ya mzee. Na kila ukimuuliza hali, jibu ni moja.

"Unaendeleaje, mama?"

"Nashukuru."

Miguu imevimba hadi viatu vimegoma, anashukuru. Ametapika njia nzima, anashukuru. Kuna siku daktari alipita akamuuliza kama kifua kinabana, naye akajibu, "Nashukuru, daktari." Daktari akaona mambo shwari, akaenda zake. Jioni binti yake alimrudisha hajiwezi, anahema kama amekimbizwa. Tangu hapo sista hataki kulisikia neno lile.

"Mama, hilo si dawa, wala si jibu!"

"Nisamehe, mwanangu. Sipendi kusumbua watu."

Basi mimi, kwa uchokozi tu, nikatunga sheria. Mashine zikishawaka, kila mtu atoe shukrani moja. Lakini ya jumla hairuhusiwi. Hakuna kushukuru uzima, hakuna kushukuru kwa yote. Taja kitu, na utaje kilipo. Ukishindwa unapigwa faini, na faini ni kumsikiliza Dereva akisimulia siku lori lake lilipokatika breki mlimani. Hadithi ile haina mwisho. Kila akikaribia tambarare, usingizi unambeba, na siku nyingine anaanza tena kileleni.

Mara ya kwanza Bi Cherehani alitoka jasho.

"Nashukuru uzima."

"Faini!"

"Basi, nashukuru kwa neema zote..."

"Mama, mahali! Taja mahali!"

Akafikiri. Akajitazama kuanzia juu hadi chini, kama fundi anayetafuta uzi uliochomoza. Mwishowe akasema, "Nashukuru hiki kidole kidogo cha mguu wa kulia. Leo kimekubali kuingia kwenye kiatu."

Hakuna aliyecheka. Kisha tukacheka wote, yeye wa kwanza. Kuanzia siku hiyo akawa bingwa. Akashukuru ubaridi wa mto akiugeuza upande wa pili. Akashukuru kuona tundu la sindano bila miwani, mara moja tu, lakini aliliona. Dereva naye akaingia mchezoni, akashukuru kipande cha barafu alichokimumunya na kukigeuzageuza ulimini mpaka kikawa kama punje. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nakwepa.

"Nashukuru mashine hii. Haijawahi kuniuliza nitaoa lini."

"Huo ni utani," Bi Cherehani akasema, "si shukrani."

"Ina mahali. Mashine hii hapa."

"Siku moja utashukuru kweli, Redio, na utakosa la kuchekesha."

Kusema kweli, yangu nilikuwa nayo, ila sikuitoa. Mkono wangu wa kushoto una mshipa waliounganisha madaktari ili upokee sindano, na mshipa huo, ukiwa mzima, unanguruma. Ukiuweka sikioni utadhani kuna nyuki ndani. Kila nikiamka, kabla sijafungua macho, nainua mkono na kuusikiliza. Jina la Redio nilipewa kwa sababu ya mdomo, lakini Bi Cherehani aliwahi kuniona kwenye benchi la nje nimeegemeza mkono sikioni, akasema, "Kumbe kweli ni redio, anatafuta stesheni." Nikacheka. Sikumwambia kwamba kila siku naogopa nitasikiliza nikute kimya.

Turudi kwenye siku yenyewe.

Sista alitufunga mmoja mmoja, akabandika plasta, akavuta mirija kuhakikisha. Alipofika kwa Bi Cherehani akamnyooshea kidole.

"Mama, mkono nje. Sindano lazima niione muda wote. Blanketi liishie tumboni."

"Nashukuru, mwanangu."

"Sijauliza hali, nimesema mkono!"

Tatizo ni kiyoyozi cha chumba kile. Kikiwaka kinapuliza kama kina kisasi na mtu, na kikizimwa mashine zinapata joto na kuanza kulalamika. Damu nayo ikitoka nje ikazunguka kwenye mirija inarudi imepoa kidogo, unaisikia baridi ikipanda mkononi mpaka begani. Sisi vijana tunatetemeka, sembuse mama mwembamba kama uzi.

Haukupita muda kengele ikalia upande wa chumba cha maji, kile kidogo chenye mlango wa kioo mwisho wa ukumbi. Bila maji mashine zetu ni makabati tu. Sista akakimbilia huko, akafunga mlango kuzuia kelele. Tukamwona kwa ndani amekunja mikono ya gauni, simu kaibana kati ya sikio na bega, anabishana na fundi huku anazungusha koki.

Nilipogeuka, blanketi la Bi Cherehani lilikuwa limepanda hadi shingoni.

"Mama, mkono."

"Kidogo tu, mwanangu. Vidole vimekufa ganzi. Akitoka nautoa."

"Akikukuta nitakuruka kimanga."

"Niruke."

Dereva akaanzisha shukrani. Akashukuru kitambaa cha kichwa alichopewa na mjukuu wake, kisha kabla hatujamjibu, kidevu kikaanguka kifuani, koromo likaanza. Zamu yangu nikashukuru koromo hilo, maana bila hilo tungesikia hadithi ya lori. Bi Cherehani hakucheka. Nikadhani naye amesinzia.

"Mama, zamu yako. Au nikuandalie faini?"

"Nipo." Sauti ilikuja polepole, kama anatafuna kitu. "Leo nashukuru joto."

"Faini! Joto la wapi? Humu ndani hata nzi wamevaa masweta."

"Hili hapa. Limeanza kwenye kiwiko... likashuka ubavuni... sasa linaingia pajani." Akafumba macho, akatabasamu. "Tangu nianze kuja humu sijawahi kupata joto. Kama mtu ananimwagia chai ya uvuguvugu, taratibu."

Utani ulikuwa tayari mdomoni. Nilitaka kumwambia, mama, hilo si joto, umejikojolea. Nikafungua mdomo kabisa. Nikaufunga.

Sisi hatukojoi. Figo zikifa, mkojo nao unakuaga. Mimi niliusahau zamani, na Bi Cherehani alinitangulia.

Sasa mwilini mwake kuna maji gani mengine ya uvuguvugu?

"Mama, funua blanketi."

"Niache niote joto langu."

"Funua mkono, mama! Sindano!"

"Sista atanigombeza... yuko peke yake leo, usimsumbue mwenzio."

Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Nikaitazama mashine yake. Taa ya kijani, tulivu, pampu inazunguka kana kwamba hakuna kitu. Nikalitazama blanketi. Lilikuwa rangi yake ile ile, ila upande wa kiwiko liling'aa, kama kitambaa kilichopigwa maji kabla ya pasi. Chini ya kiti, sakafuni, tone likaanguka. Halafu lingine.

"Sista!" nikapiga kelele. "Damu! Bi Cherehani anatoka damu!"

Ndani ya kioo sista aliinua kichwa. Nadhani alisikia sauti, maneno hakuyasikia, na sauti yenyewe anaijua. Mimi plasta ikibanduliwa naita polisi. Sindano ikiingia natoa wosia. Akanipungia mkono wa kunifukuza, mdomo wake nikausoma vizuri kabisa: zima. Akanigeuzia mgongo.

"Sista! Si utani!"

Dereva akazinduka. "Nini? Tumefika?"

"Mzee, mwite sista! Bi Cherehani anavuja damu!"

Akaita kwa nguvu zake zote, na nguvu zake zote zilikuwa kikohozi. Kengele ya maji ikammeza.

Ukiwa umefungwa na sindano mbili huwezi kusimama. Ukisimama ukazichomoa, mnakuwa wagonjwa wawili wa kuvuja, na aliye mzima bado yuko nyuma ya kioo. Kiti cha Bi Cherehani kilikuwa upande wa mkono wangu uliofungwa. Nikanyoosha mguu. Nikateleza kwenye kiti mpaka mgongo ukalala, mirija ikanikaza, vidole vya mguu vikagusa pindo la blanketi. Vikateleza. Nikajaribu tena. Safari hii kidole gumba kikanasa kwenye mshono, nikavuta.

Blanketi likaanguka.

Shuka chini ya mkono wake lilikuwa jekundu mpaka pembeni. Sindano ya kurudisha damu ilikuwa imechomoka nusu, inaning'inia kwenye plasta iliyolowa, na kila pampu ilipozunguka, damu iliyosafishwa ilikuwa inatoka pale pembeni taratibu, bila haraka. Chai ya uvuguvugu.

"Mama, bonyeza hapo! Tumia mkono mwingine, bonyeza!"

Bi Cherehani akajitazama kama anatazama kazi ya fundi mwingine. "Nani amemwaga rangi kwenye kitambaa?" akauliza. Kichwa kikalala upande. Kilemba kikalala nacho.

Hapo ndipo nilipojua kwamba huyu mama anakufa mbele yangu, na mimi nina mdomo tu, na mdomo wangu hauaminiki.

Sista anaamini nini? Anaamini mashine. Mashine ya mgonjwa ikipiga kelele, hata awe amelala anaruka. Na kazini kwetu bosi akiita wakati mpira wa maji uko wazi, huendi kufunga koki. Unaukunja mpira mkononi, maji yanakwama papo hapo.

Nikaushika mrija wangu mwenyewe, ule mwekundu. Ulikuwa wa moto kidogo, ndani yake mimi napita. Nikaukunja.

Pampu ikakwama. Mashine yangu ikapiga yowe, taa nyekundu ikawaka, ikawa kama imechomwa kisu. Nyuma ya kioo sista akageuka kama mtu aliyeitwa kwa jina na mama yake. Simu ikamdondoka. Akaja mbio, uso umekunjamana, macho yote kwenye mashine yangu.

"Redio, umefanya nini na mri..."

Nilimwonyesha Bi Cherehani kwa kidevu.

Sijawahi kuona mtu akibadilika haraka vile. Kwa mkono mmoja alizima pampu ya Bi Cherehani, kwa mwingine akabana mirija, kiganja kikagandamiza pale penye sindano, goti likasukuma kiti kikalala miguu juu. "Mama! Mama, fungua macho! Mama!" Halafu bila kunigeukia: "Achia mrija wako, damu isigande! Bonyeza kitufe cha kijani!"

Nikaachia. Nikabonyeza. Yowe likakoma. Sista akavuta kamba ya dharura ukutani kwa mkono wake wenye damu.

"Anapotea. Redio, zungumza naye! Usimwache alale!"

Nikabaki mdomo wazi.

"Redio, washa!"

Maisha yangu yote watu wananiambia nizime. Siku niliyoombwa niwashe, sikuwa na kitu. Vichekesho vyote vilikimbia. Nikatazama kope za yule mama zikifungana na nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Mama, yangu sijaitoa. Ile ya leo ilikuwa utani. Sikiliza. Nashukuru mlio."

Sista akanitazama, macho yakisema endelea.

"Mlio wa mkono wangu, mama. Nikiamka nauweka sikioni. Unanguruma. Kabla sijausikia huwa siko hai wala sijafa, nasubiri tu. Ukinguruma, basi leo nipo. Naogopa, mama. Kila siku naogopa, na kila siku unanguruma. Nilikuwa sitaki kuusema nisije nikauchulia."

Midomo ya majivu ikacheza. Nikadhani ni pumzi tu.

"Mahali," Bi Cherehani akanong'ona. "Taja... mahali."

"Kiwikoni!" Nilipiga kelele machozi yakinidondoka, na machozi yenyewe kwetu ni anasa, maji ya kikombe. "Hapa ndani ya kiwiko, mama, mkono wa kushoto! Usilale, nitakupiga faini!"

Mlango ukafunguka, wakaingia daktari na wabeba machela. Dripu ikatundikwa, mtu akapaza sauti ya kutaka damu ya kuongeza, magurudumu yakalia sakafuni. Wakaondoka naye. Blanketi likabaki chini, zito, limejikunja kama mnyama.

Sisi tukabaki tumefungwa. Huo ndio ukatili wa mashine, haikuruhusu umkimbilie mtu. Sista mwingine wa wodini akaja kutushikia zamu. Nikamuuliza habari, akasema hajui. Nikauliza tena, akasema bado. Nikaiangalia saa ya ukutani mpaka nikaichukia.

"Redio," Dereva akaita kwa sauti ndogo.

"Naam, mzee."

"Lile lori."

Nikafumba macho. "Sijapigwa faini, mzee."

"Lilisimama," akasema. "Chini kabisa, mwisho wa mteremko. Palikuwa na rundo la mchanga wa watu wanajenga. Likaingia pale likazama hadi taa. Nikafungua mlango nikashuka kwa miguu yangu. Sijawahi kukuhadithia hapo."

Sista wetu alirudi wakati mimi nafunguliwa. Gauni lilikuwa la kubadilisha, kubwa kuliko yeye. Akakaa kwenye kiti cha Bi Cherehani, kile kilichokuwa kimeshafutwa na kukauka, akaibonyeza plasta yangu kwa kidole, muda mrefu kuliko kawaida.

"Yuko hai," akasema. "Wanamwongezea damu. Mashine yake haikulia kwa sababu sindano haikutoka yote. Presha ya kwenye mrija ilishuka kidogo tu, mashine ikaona ni sawa. Ulijuaje?"

"Alishukuru."

Akanitazama kama anataka kunizima, halafu akaona sitanii.

Bi Cherehani hakuonekana safari iliyofuata. Safari ya pili, mlango ukasukumwa na magurudumu. Binti yake alikuwa akimsukuma kwenye kiti, na yeye amekaa wima, kilemba kimenyooka, amekonda zaidi, kama hilo liliwezekana. Mkono wa sindano ulikuwa wazi hadi begani. Mwingine ulikuwa umevaa soksi.

"Soksi, mama?"

"Glavu sikupata. Nyamaza."

Sista akamfunga, akabandika plasta, akaongeza nyingine juu yake, na nyingine tena. Halafu akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Unaendeleaje, mama?"

Bi Cherehani akafungua mdomo. Herufi ya kwanza tuliiona ikija, mimi, Dereva na binti mtu. Akaimeza.

"Kichwa kinazunguka," akasema. "Kiuno kinauma, upande huu. Vidole hivi viwili sivisikii. Na nina baridi, sista, nina baridi mno."

"Ahsante," sista akasema, na akageuka haraka kwenda kutafuta chupa ya maji ya moto ya kumwekea miguuni.

Mashine zikawaka. Nikajinyoosha hadi mirija ikakaza, lakini safari hii viti vilikuwa vimesogezwa. Sista mwenyewe ndiye aliyevisogeza karibu na hakutaka tumuulize kwa nini. Nikafika. Nikavishika vidole vya Bi Cherehani, vile vilivyo wazi. Vilikuwa vikavu, vya baridi kama koki ya chuma.

"Zamu yako, Redio," akasema. "Na utani sitaki."

"Nashukuru vidole vyako ni vya baridi."

"Shukrani gani hiyo, we mtoto?"

"Ina mahali," nikasema, na sikuviachia.